Siku ya Giza Iandike, Siku ya Furaha Ikumbuke Tu

Wengi wetu hufanya kinyume. Siku iliyotupa furaha kuliko zote tunaichambua mpaka inakwisha ladha, na ile iliyotuvunja tunaizungusha kichwani usiku kucha bila kuiandika wala kumwambia mtu.

Mwaka 2006 Sonja Lyubomirsky na wenzake, wanasaikolojia wa Marekani, walichapisha majaribio juu ya jambo hilihili. Walioandika kuhusu tukio baya kuliko yote maishani mwao, au kulisimulia mbele ya kinasa sauti, dakika 15 kwa siku kwa siku tatu, walipata nafuu kuliko waliolifikiria kimyakimya. Kwa siku ya furaha mambo yaligeuka: waliofaidika ni walioikumbuka tu, si walioichambua.

Sababu yake inaeleweka. Maandishi hudai mpangilio: hiki kikaleta kile, kisha kikafuata kingine. Tukio lililokuwa vurugu ya picha na sauti linapata mwanzo na mwisho, na akili inaweza kulitua. Uchungu unahitaji kutuliwa. Furaha haihitaji, ukishaieleza yote inageuka jambo la kawaida.

Jeraha likiwa bado bichi, wiki za mwanzo, usijilazimishe kuandika. Ukiwa tayari, tenga dakika 15 hadi 20 mahali usipokatizwa, kwa siku tatu au nne mfululizo, na isiwe muda wa kuingia kitandani. Siku ya kwanza andika kilichotokea na ulichohisi, bila kujali tahajia. Siku zinazofuata tafuta uhusiano: tukio hili limegusa nini kingine maishani mwako? Siku ya mwisho andika kana kwamba unamtazama mtu mwingine, ukijiita kwa jina lako au “yeye”.

Tazama tofauti. Siku ya kwanza: “Nilisimama mlangoni na barua mkononi, miguu ikawa mizito, nikamchukia aliyeileta.” Siku ya nne: “Alisimama mlangoni. Aliogopa kwa sababu hakuwa na mpango mwingine. Aliyeleta barua hakuwa na kosa.” Maneno kama “kwa sababu” na “sasa naelewa” yana uzito. James Pennebaker, ambaye ndiye aliyeanzisha utafiti wa uandishi wa namna hii miaka ya 1980, aliona kwamba walionufaika zaidi ni wale ambao maneno hayo yaliongezeka siku hadi siku.

Mambo huharibika pale ukurasa wa siku ya tatu unapofanana na wa kwanza. Hapo huandiki tena, unazungusha mawazo yaleyale kwa kalamu. Badili upande wa kutazamia au acha. Kingine kinachoharibu ni hofu ya kusomwa, kwa kuwa mwenye hofu huandika uongo. Amua mapema kwamba karatasi utaichana. Kujisikia mzito kwa saa moja hivi baada ya kuandika ni kawaida. Ukihisi unazidiwa, simama, hakuna deni la kumaliza. Na kama wiki mbili zimepita huzuni haipungui, usingizi na hamu ya kula vimepotea, nenda kwa mtaalamu wa afya. Mawazo ya kujiua yakikujia usisubiri wiki mbili: mwambie mtu wa karibu na utafute msaada leo hii. Tafadhali, hapo karatasi haitoshi.

Siku ya furaha haina kazi kubwa. Fumba macho dakika chache, iache ipite kama filamu: mwanga ulitokea upande gani, nani alicheka kwanza, mikono yako ilishika nini. Usiulize kwa nini. Ukijikuta unasema “sitapata tena siku kama ile”, umeanza kuilinganisha na leo. Rudi kwenye picha.

Kumbukumbu ina hila nyingine inayofaa kujulikana. Katika jaribio la mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake la mwaka 1993, watu walitia mkono kwenye maji ya baridi inayouma, nyuzi 14 za Selsiasi, kwa sekunde 60. Mara nyingine walikaa sekunde 60 hizohizo, kisha 30 zaidi huku maji yakipanda taratibu hadi nyuzi 15. Walipoulizwa ni lipi warudie, wengi walichagua lile refu, ingawa lilikuwa na maumivu zaidi. Kumbukumbu hushika kilele cha hisia na mwisho wake, urefu wa muda haiuhesabu sana.

Ndiyo maana kazi ya miaka mingi au ndoa iliyokwisha vibaya huonekana mbaya yote. Unapoiandika, tenga ukurasa mmoja kwa siku za katikati zisizo na tukio: Jumanne moja tu, nani aliamka kwanza, mlizungumza nini, nani alifunga mlango usiku.