Semina za afya au kubadili mazingira?

Ndugu, umeuliza kama kikundi chenu kiendelee na semina za kunawa mikono na kuacha sigara, au kipiganie sheria na huduma, maana watu wanasikiliza kisha wanarudia yale yale. Mimi ningeanza na mazingira, yaani hizo sheria na huduma zinazomzunguka mtu. Mtu anajua kabisa kwamba anapaswa kunawa. Bomba likiwa kavu, elimu hiyo ataifanyia nini? Inaniuma sana tunapomwita mzembe.

Tazama sigara. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba bei ikipanda kwa asilimia 10, matumizi hupungua kwa takribani asilimia 4 katika nchi tajiri, na asilimia 5 hivi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ireland ilipiga marufuku uvutaji ndani ya sehemu za kazi mwaka 2004, baa zikiwemo, na hata wasiovuta wakapata nafuu. Chumvi yenye madini joto nayo humkinga mlaji bila yeye kuamua lolote.

Semina msiziache, lakini. Sheria isiyoeleweka hupingwa, na mvutaji anayetaka kuacha anahitaji mtu wa kumshika mkono. Ila kabla ya semina ijayo, nendeni mkahesabu mabomba yanayotoa maji na sehemu zenye sabuni, kisha orodha hiyo mwipeleke kwa wanaopanga bajeti.