Mtoto anakula sufuria moja na sisi: chumvi na viungo viwe kiasi gani?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi mitano na sasa anakula chakula cha nyumbani pamoja nasi. Tuko watano: mimi, baba yake, bibi yake, kaka yake wa miaka minane na yeye. Mboga ya sufuria moja naitia chumvi kijiko kimoja cha chai, cha kusawazisha, pamoja na kidonge kimoja cha kuongeza ladha. Nikiona chakula chake kimekolea, nakiongezea maji. Nilisikia mtoto mdogo hatakiwi kula chumvi wala viungo kabisa, nikampikia peke yake bila kitu chochote, akakataa. Bibi yake anasema bila chumvi mtoto hapati nguvu. Nifuate lipi?

JIBU: Mama, asante kwa kunipa vipimo. Wengi huuliza tu "chumvi kidogo ni ngapi", na hapo mtaalamu hana la kushika. Wewe umenipa sufuria nzima, basi tuipigie hesabu.

Kijiko cha chai cha kusawazisha hubeba takribani gramu 6 za chumvi. Kidonge cha kuongeza ladha cha gramu 10 mara nyingi nusu yake ni chumvi tupu, kwa hiyo tuongeze gramu 5. Sufuria yako ina gramu 11. Tuseme mtoto anakula fungu moja kati ya manane: amepata karibu gramu 1.4 katika mlo mmoja. Akila tena jioni kutoka sufuria hiyohiyo, na asubuhi alikula vipande viwili vya mkate ambavyo kwa kawaida huwa na gramu 0.3 hadi 0.4 kila kimoja, siku yake inafungwa kwenye gramu 3.5 hivi. Mwongozo wa Uingereza kwa watoto wa mwaka 1 hadi 3 ni chumvi isiyozidi gramu 2 kwa siku, na kwa walio chini ya mwaka mmoja ni chini ya gramu 1. Humo imo chumvi yote, ya mkate na ya jibini pia, siyo ile tu unayoitia wewe kwa kijiko.

Sasa kiache kidonge. Sufuria inabaki na gramu 6, na siku ya mtoto inashuka hadi gramu 2.2. Punguza kijiko kiwe nusu, siku inashuka hadi gramu 1.5 hivi, bila kupika sufuria ya pili. Utaona kidonge ndicho kilichokuwa kikibeba karibu nusu ya mzigo, na ndicho ambacho hakuna mtu nyumbani anayekihesabu kuwa ni chumvi. Mimi ningeanza hapo, kabla hata ya kugusa kijiko. Sosi ya soya nayo ni ya kundi hilo: kijiko kimoja cha chakula kina zaidi ya gramu 2 za chumvi, yaani posho yote ya mtoto wako ya siku.

Kama hutaki kugusa ladha ya wakubwa kwa sasa, badilisha mpangilio wa kupika. Pika mboga mpaka iive bila chumvi, chota fungu la mtoto uliweke kwenye bakuli lake, ndipo utie chumvi ya wakubwa na kuchemsha dakika mbili tatu za mwisho. Chumvi inayotiwa mwisho pia hubaki zaidi juu ya chakula, ulimi unaiona mapema, na wengi hujikuta wanatumia kidogo. Lakini sitakuficha, kwa nyumba yenu napendelea sufuria nzima ipungue. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na kwa sufuria ya gramu 11 baba na bibi wanaupita mstari huo kwa milo miwili tu. Bibi kwa umri wake ana sababu kubwa zaidi ya kupunguza kuliko mjukuu.

Kuhusu kuongeza maji: chumvi haiondoki. Inasambaa tu. Ukichukua fungu lake la mchuzi ukalitia maji na mtoto akalimaliza lote, amekula chumvi ileile, safari hii na tumbo lililojaa maji badala ya chakula. Maji husaidia pale tu ambapo kiasi anachokula hakibadiliki na mchuzi mwingine unabaki. Kutumbukiza kiazi "kinyonye chumvi" ni hivyohivyo: kiazi hunyonya mchuzi pamoja na chumvi yake, na kinachobaki kina ukali uleule. Maharage ya kopo ni tofauti kidogo, kwa sababu ukiyamwaga maji yake na kuyasuuza vizuri chini ya bomba unapunguza kwa zaidi ya theluthi.

Kwa vyakula vya pakiti soma kibandiko. Kikitaja sodiamu badala ya chumvi, zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Sodiamu miligramu 480 katika gramu 100 ni chumvi gramu 1.2. Kinachozidi gramu 1.5 za chumvi kwa gramu 100 ni cha kumpa mara mojamoja sana, hata kama juu ya pakiti kuna picha ya mtoto anayecheka.

Je, kwa sufuria ya sasa mtoto yuko hatarini leo? Hapana, usilale na hofu hiyo. Figo za mtoto mchanga huchuja polepole, lakini zinakomaa kwa kasi, na kufikia takribani umri wa miaka 2 uwezo wake ukilinganishwa na ukubwa wa mwili unakaribia wa mtu mzima. Hoja yangu ni ya muda mrefu. Uholanzi, watoto wachanga 476 waliozaliwa mwaka 1980 waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likapewa chakula chenye sodiamu kidogo kwa miezi 6 ya kwanza, jingine chakula cha kawaida. Mwisho wa kipindi hicho, namba ya juu ya kipimo cha presha kwa kundi la kwanza ilikuwa chini ya ile ya kundi la pili kwa milimita 2 hivi. Miaka 15 baadaye walipopimwa tena, tofauti ilikuwa bado ipo, milimita 3.6. Waliopatikana kupimwa mara ya pili walikuwa kama theluthi tu, kwa hiyo siuchukui utafiti huo kama neno la mwisho, ila unatosha kunifanya nisione miaka hii ya mwanzo kuwa ya kupita tu. Na kuna ulimi. Mtoto hazaliwi akitamani chumvi. Hamu hiyo huanza kujitokeza kuanzia miezi 4 hadi 6, na kadiri anavyozoeshwa ndivyo anavyoitaka zaidi.

Bibi yake ana haki kwenye jambo moja: mwili hauwezi kuishi bila sodiamu. Ila tayari ipo ndani ya chakula chenyewe. Kikombe cha maziwa cha mililita 300 na yai moja vinampa kiasi kinacholingana na nusu gramu ya chumvi, kabla hujagusa kopo. Mweleze hivyo kwa upole, kwa sababu anachokiona yeye ni mtoto aliyeacha kula, na macho yake hayamdanganyi. Baada ya mwaka wa kwanza ukuaji hupungua kasi, na hamu ya kula hupungua nayo. Karibu na mwaka mmoja na nusu watoto wengi pia huanza kukataa chakula wasichokijua. Vitu hivi viwili vimekutana na siku ulipobadilisha ladha yote kwa mkupuo. Chakula cha bila chumvi, bila kitunguu, bila chochote, hata mimi ningekisukuma pembeni. Shuka polepole: robo ya kijiko ipungue, mkae nayo wiki moja au mbili, kisha robo nyingine. Chakula alichokikataa mrudishie siku nyingine bila kumlazimisha. Watoto wengi huhitaji kukiona na kukionja mara kumi au zaidi ndipo wakikubali.

Viungo ni habari nyingine, na hapa ndipo ulipopotoshwa. Chumvi na viungo si kitu kimoja. Kitunguu saumu, tangawizi, manjano, bizari nyembamba, giligilani, mdalasini na iliki havina chumvi ya kuhesabika, na mtoto wa umri wa mwanao anaruhusiwa kuvila. Hivi ndivyo vitakavyokuokoa. Kaanga kitunguu maji kwa moto mdogo hadi kiwe rangi ya kahawia, kisha nyanya uipike mpaka ikauke na mafuta yajitenge pembeni. Ladha inayopatikana hapo ndiyo uliyokuwa ukiitafuta kwenye kidonge. Ukishaipua, kamulia limau kidogo, maana uchachu huufanya ulimi uone kama chumvi ipo zaidi. Pilipili kali iache kwanza, haina faida kwake na inamuunguza mdomo na macho akijipangusa kwa mikono. Karafuu, pilipili manga nzima, vijiti vya mdalasini na maganda ya iliki vitoe kabla ya kumpakulia asije akapaliwa. Kungumanga iwe chembe tu, kwa kuwa ikizidi ni sumu.

Angalia pia unga wa viungo uliochanganywa tayari. Mwingi una chumvi ndani, na wakati mwingine ndiyo inayotajwa ya kwanza kwenye orodha. Nunua viungo vizima usage mwenyewe ukiweza. Kuna unga wa viungo uliowahi kukutwa na madini ya risasi yaliyotiwa ili rangi ing'ae; mwaka 2023 watoto wengi Marekani walipata sumu hiyo kupitia mdalasini uliotiwa kwenye matunda ya kusaga ya pakiti.

Chumvi hiyo kidogo utakayobaki nayo iwe yenye madini joto. Mtoto wa umri wake anahitaji mikrogramu 90 kwa siku kwa ajili ya ubongo na tezi ya shingo. Maziwa, mayai na samaki huchangia. Chumvi za rangi zinazosifiwa kuwa za asili mara nyingi hazijaongezwa madini hayo. Na zile zilizopunguzwa sodiamu kwa kuwekewa potasiamu, Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake Januari 2025 halikuwajumuisha watoto, wala wajawazito wala wenye matatizo ya figo, kwa hiyo usizitumie kwenye sufuria anayokula yeye.

Akiharisha, hesabu zote hizi ziweke kando. Maji ya ORS yachanganye kama pakiti inavyoelekeza, usipunguze unga kwa kuogopa chumvi, usiuongeze pia. Na mtoto akimeza kitu kibaya, kamwe asinyweshwe maji ya chumvi ili atapike. Chumvi nyingi kwa mara moja humuua mtoto mdogo, mkimbize hospitali.