Jibu: pip inagoma kwenye Ubuntu 24.04, usifute kompyuta kwanza

Mkuu wa Lindi, nimekusoma. Umeweka Ubuntu 24.04 ili ujifunze Python, kila ukiandika `pip install` (pip ndiyo husakinisha maktaba za Python) unaletewa "externally-managed-environment", na juzi umeme ulikatika apt, kisakinishi cha programu cha Ubuntu, ikiwa kazini, sasa apt nayo imegoma. Unauliza kama urudi Windows. Mimi niko Mtwara, na vijana wa hapa Chuno huniletea laptopu zenye shida hizohizo, kwa hiyo vumilia jibu liwe refu. Hapo una matatizo mawili tofauti.

La umeme ndilo jepesi. Apt ikishapakua, anayesakinisha ni dpkg, na umeme ukikata katikati pakeji hubaki nusunusu. Andika `sudo dpkg --configure -a`, iache imalize, halafu `sudo apt --fix-broken install`. Basi. Vilivyokwisha kushuka vimo kwenye /var/cache/apt/archives, havipakuliwi upya. Ukiona "Could not get lock", usikimbilie kufuta lile faili la lock kama wanavyoelekeza kwenye video. Mara nyingi ni Ubuntu yenyewe inajisasisha chinichini. Iache imalize.

Tena kuhusu huko kujisasisha: Ubuntu imetengenezwa na watu ambao intaneti kwao haina kipimo. Sisi wa bando tunaumia. Nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi, fungua mtandao unaotumia, weka alama kwamba ni wa kulipia kwa kipimo, kisha andika `sudo snap set system refresh.metered=hold`. Usipofanya hivyo, snap (aina nyingine ya pakeji za programu za Ubuntu) zitajisasisha kwa bando la simu yako wewe ukiwa umelala.

Sasa pip. Ule ujumbe si hitilafu, ni katazo la makusudi. Debian 12, toleo la mfumo ambao Ubuntu imetokana nao, ilikuja nalo 2023 na Ubuntu wanalo pia. Sababu ni kwamba Python iliyomo humo si yako peke yako, mfumo wenyewe unaitegemea kwa kazi zake. Kuna kijana aliniletea laptopu ya Ubuntu 22.04, analalamika terminali haifunguki: anabofya, kaduara kanazunguka, kisha kimya. Alikuwa amefuata maelekezo ya mtandaoni akaielekeza python3 ya mfumo kwenye toleo jingine. Programu inayofungua terminali kwenye Ubuntu imeandikwa kwa Python, ikawa haikuti maktaba zake. `add-apt-repository` nayo ikawa inalia "No module named 'apt_pkg'". Tukaingia kwa Ctrl+Alt+F3, ile skrini nyeusi ya maandishi matupu (mwenyewe alidhani ndiyo imekufa kabisa), tukaandika `sudo ln -sf python3.10 /usr/bin/python3`, tukarudi, terminali ikafunguka. Wewe uliye na 24.04, ya kwako ni 3.12, usije ukanakili namba ya mwenzio.

Kwa hiyo atakayekwambia uongeze `--break-system-packages` mpite tu. Jina la hicho kitu linajieleza: vunja pakeji za mfumo. `sudo pip` nayo iache.

Njia yenyewe ni venv, yaani folda yenye Python yako ya pembeni. Kwanza `sudo apt install python3-venv`, maana Ubuntu haiji nayo, na ukiiruka utaambiwa ensurepip haipo. Kisha `python3 -m venv ~/kazi/env`, halafu `source ~/kazi/env/bin/activate`. Utaona neno env limetokea mwanzoni mwa mstari. Hapo ndani pip inasakinisha unachotaka na mfumo haiugusi. Ukiharibu, unafuta folda hiyo moja na kuanza upya. Ila folda hiyo iwe kwenye diski ya kompyuta, usiiweke kwenye flashi: flashi nyingi ni FAT32 au exFAT, hazikubali viungo vya faili (symlink) ambavyo venv inavitengeneza. Na ukifungua terminali mpya lazima uandike tena ule mstari wa `source`. Wengi hudhani kazi yao imepotea, kumbe hawajaingia tu.

Kama mko kundi, mmoja mwenye bando la usiku aandike `pip download -d maktaba pandas`, akopi folda ya maktaba kwenye flashi, wengine waandike `pip install --no-index --find-links maktaba pandas`. Inafanya kazi bila intaneti kabisa, mradi toleo la Python na aina ya kompyuta vilingane. Sisi huku ndivyo tunavyofanya.

Kama laptopu ni mtumba wa msimu wa korosho na Wi-Fi haionekani kabisa, huenda kadi yake ya Wi-Fi ni ya Broadcom, inayohitaji kuwekewa dereva yake. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti, kisha `sudo ubuntu-drivers install`.

Kurudi Windows si dhambi, Python inakwenda vizuri kule pia. Lakini kwa tatizo ulilonalo leo huna haja ya kufuta kitu.

Anza na dpkg, ndipo uje kwenye venv. Ukikwama, nakili maandishi yote ya terminali kuanzia amri uliyoandika uyabandike hapa. Picha ya skrini iliyopigwa mshazari na simu siwezi kuisoma.