Maswali Yenu: Mlinzi wa mstari anayengoja raundi ya sita

Swali: Salamu wahariri. Timu yangu ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, haina mtu mzito katikati ya mstari wa ulinzi, na nafasi zake za mapema katika drafti, zoezi la raundi 7 la timu kuchagua vijana wa vyuo kwa zamu, zimeshauzwa. Nimeanza kutazama video za vijana wa vyuo wanaotajwa kuchukuliwa raundi ya 5 hadi ya 7, lakini kila ninayemtazama naona anafaa. Nakosea wapi?

Jibu: Huenda unatazama vile vipande vilivyounganishwa ili kijana apendeze. Achana navyo. Tafuta mechi nzima, tatu au nne, na mojawapo iwe ile aliyopambana na wazuiaji (wale wanaowakinga wenzao wenye mpira) bora kuliko wote wa msimu wake. Kisha mfuate yeye, si mpira. Mwanzoni ni kazi, maana jicho limezoea kumkimbilia kwotabeki, yule anayepewa mpira kwanza na kuurusha kwa wenzake.

Kila mpira unapoanzishwa, rudia tukio hilo mara tatu. Kwanza tazama miguu. Mpira ukitikisika tu mkononi mwa senta, mzuiaji wa katikati anayeuanzisha, je, kijana ameshaondoka, au anasubiri jirani yake aanze? Na hatua hiyo ya kwanza inakwenda mbele, au anainuka kwanza ndipo aende? Mara ya pili tazama mabega. Mzuiaji wa paundi 310 (kilo 140) akifanikiwa kuingia chini ya mabega ya mlinzi, shughuli imekwisha, hata mlinzi awe na nguvu kiasi gani. Mara ya tatu tazama mikono: inatua kifuani mwa mzuiaji au inaparaza mabega ya nje? Na ikishatua, inafanya nini? Hapa ndipo wengi wa raundi hizi wanapokwama. Wanashika vizuri, kisha wanaegemea kama mtu anayesukuma gari lililozimika. Mkimbiaji mwenye mpira anapita hatua mbili kutoka walipo nao bado wamekumbatiana na gadi, mzuiaji wa kando ya senta.

Weka alama tatu tu: ameshinda, amekwama, ameondolewa. Ukifikisha matukio 100 utaanza kumjua. Linganisha pia robo ya kwanza na ya nne. Anayeanza kunyooka magoti baada ya mapumziko ana tatizo la pumzi, na takwimu za msimu hazitakuambia hilo.

Kosa lingine ni kutafuta mchezaji aliyekamilika. Aliyekamilika hafiki raundi ya 6, kwa sababu timu 32 zimekuwa na nafasi ya kumchukua tangu raundi ya kwanza. Kila aliyebaki ana kasoro, na kazi yako ni kujua kama inarekebishika. Matumizi ya mikono na kukaa chini hufundishwa. Wepesi wa hatua ya kwanza haufundishwi, wala mkono haurefushwi. Grady Jarrett alichukuliwa na Atlanta Falcons mwaka 2015 katika raundi ya 5, chaguo la 137. Dosari iliyomshusha ilikuwa kimo, futi 6 hivi. Lakini mtu mfupi mwenye hatua ya haraka huingia chini ya gadi bila hata kuinama sana, na katika fainali ya Super Bowl ya Februari 2017 alimwangusha kwotabeki kabla hajarusha mpira mara 3. Kijana wa aina hiyo tungemchukua kabla ya jitu refu linalochelewa kuondoka.

Swali: Vipimo vya Indianapolis, vile wanavyofanyiwa vijana kabla ya drafti, vina uzito gani? Kijana ninayempenda alikimbia yadi 40 polepole mno.

Jibu: Yadi 40 ni mita 36 na ushei, na mlinzi wa ndani hukimbia umbali huo kwa nadra. Angalia yadi 10 za mwanzo. Kwa mtu wa paundi 300 (kilo 136), sekunde 1.75 au pungufu inatia moyo, ikikaribia 1.9, rudi kwenye video ukahakikishe kwamba hatua yake ya kwanza si nzito. Kwa anayecheza pembeni, tazama zaidi zoezi la koni tatu, la kukimbia na kugeuka kati ya koni, kwa sababu huko kazi ni kupinda kumzunguka mzuiaji bila kupoteza mwendo.

Kunyanyua chuma cha paundi 225 (kilo 102) tunakupa uzito mdogo. Mwenye mikono mirefu hukisukuma mbali zaidi kila anaponyanyua, kwa hiyo idadi yake hushuka, ilhali uwanjani mikono hiyohiyo ndiyo faida yake. Mkono wa inchi 33 (sentimita 84) au zaidi humwezesha kumgusa mzuiaji kabla hajaguswa. Mwisho, ulinganishe uzito aliopimwa na ule aliochezea. Wapo wanaoongeza kilo kadhaa kwa ajili ya mizani, kisha hawawezi kucheza nazo. Na muda uliopimwa chuoni kwake kwa saa ya mkononi uupokee kwa tahadhari. Kidole cha binadamu huchelewa kuanzisha saa, na muda hutoka mzuri kuliko ulivyokuwa.

Swali: Kijana mwingine ninayemtazama aliangusha kwotabeki mara 9 msimu uliopita. Mbona anatajwa raundi ya 7?

Jibu: Zitazame zote 9, ni kazi ya dakika chache. Ngapi hakuzuiwa na mtu kabisa? Ngapi kwotabeki alikaa na mpira sekunde nne au tano kwa kukosa wa kumpa? Ngapi mwenzake alimfukuza hadi mikononi mwake? Ukitoa hizo na kubaki na 2, maskauti, watafuta vipaji wa timu, wamezihesabu hizohizo. Kinyume chake, kijana mwenye 3 tu anayemfikia kwotabeki kila mara mpira ukiwa umeshatoka ndiye wa kumfuatilia.

Swali: Je, inafaa kutumia chaguo kwa mtu wa katikati ambaye kazi yake ni kuziba njia ya mkimbiaji tu?

Jibu: Inafaa, na bei yake huwa nafuu. Siku hizi walinzi wengi wa kati hutolewa nje timu pinzani ikitarajiwa kupasi, kwa hiyo timu hazitaki kuwalipia mapema. D.J. Reader alichukuliwa na Houston Texans raundi ya 5 mwaka 2016, chaguo la 166, akawa nguzo ya ligi katika kuzuia mbio.

Mpime anapozuiwa na watu wawili. Senta anampiga mbele, gadi anamjia ubavuni. Mjuzi hageuki kumkabili senta. Anashusha goti la upande wa gadi, anamtupia gadi nyonga, na kuchimba mguu chini. Akigeuza mabega tu, upenyo umefunguka nyuma yake. Usihesabu ameangusha wangapi. Tazama walinzi wa safu ya pili: wakifika kwa mkimbiaji bila kuguswa, yeye ndiye aliyewafungulia njia, ingawa jina lake halitatajwa.

Swali: Akishachaguliwa, ana nafasi gani ya kubaki?

Jibu: Kambi huanza na wachezaji 90, na kikosi hukatwa hadi 53. Walinzi wa mstari wanaobaki kwa kawaida ni 8 hadi 10, na wengine huvaa nguo za kawaida siku ya mechi. Kwa hiyo uliza: nani yuko mbele yake, na mkataba wa huyo unaisha lini? Anaweza kucheza nafasi mbili, juu ya senta na kwenye bega la nje la gadi? Anafaa katika kikosi cha kuzuia mikwaju ya goli? Akiachwa, timu nyingine zina saa 24 za kumdai, yaani kuomba kumchukua. Asipodaiwa anaweza kurudi katika kikosi cha mazoezi, ingawa hata huko timu yoyote inaweza kumsajili katika 53 yake.

Ndiyo maana baadhi ya mawakala huomba kimyakimya simu ya kuchaguliwa isilie katika raundi ya 7. Aliyechaguliwa hufungwa miaka 4 na timu asiyoichagua. Asiyechaguliwa husaini miaka 3, na anaweza kutafuta timu yenye upungufu wa watu wa nafasi yake. John Randle hakuchaguliwa mwaka 1990 kwa sababu alionekana mdogo wa umbo. Minnesota Vikings wakamchukua, na mwaka 2010 akaingia katika Jumba la Magwiji.