Kimondo na joto la anga ya juu

SWALI: Mhariri, mimi ni mvuvi wa omena katika ufuo wa Dunga, Kisumu. Usiku wa giza, tunapongoja omena wakusanyike penye taa, huona vimondo vingi, hasa kuelekea alfajiri. Binti yangu aliye sekondari anasema wanasayansi hupima vimondo kwa rada wakajua joto la anga ya juu. Lawezekanaje, ilhali kimondo chenyewe ni moto?

JIBU: Binti yako amesema kweli, nawe umegusa penyewe, kwa kuwa joto linalotafutwa si la kimondo bali la hewa kinamopita. Chembe ya vumbi, mara nyingi ndogo kama punje ya mchanga, huingia angani kwa kasi ya kilomita 11 hadi 72 kwa sekunde, ikateketea kwenye kimo cha kilomita 70 hadi 110 hivi na kuacha mkia mwembamba wa elektroni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme. Rada hurusha mawimbi ya redio, kwa kawaida ya megahezi 30 hadi 50, na mkia huo huyarudisha kama mwangwi. Mkia hupoa upesi hadi kulingana na hewa iliyouzunguka, kisha hutawanyika kama moshi wa jiko, na kadiri unavyotanuka ndivyo mwangwi unavyofifia. Kwenye kimo cha kilomita 90, yote hayo huisha kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Lakini rada haisomi joto kama kipimajoto, na jambo hili husahauliwa mno. Mkia hutawanyika haraka hewa ikiwa na joto zaidi, na vilevile shinikizo lake likiwa dogo zaidi. Kwa hiyo wataalamu ama hutumia vipimo vya shinikizo vya setilaiti, ama hufuata njia aliyoieleza mwanasayansi Wayne Hocking mwaka 1999, ya kulinganisha muda wa kufifia wa vimondo maelfu katika vimo mbalimbali. Kimondo kimoja hakitoshi.

Kazi hiyo ina thamani kubwa, kwa sababu maputo ya hali ya hewa huishia kilomita 40 hivi, nazo setilaiti haziwezi kuzunguka chini hadi kimo cha vimondo. Rada hufanya kazi mchana na usiku, hata mawingu yakiwa yametanda ziwani, na huko juu baridi yaweza kupita nyuzi 90 chini ya sifuri.

Kuhusu alfajiri, wakati huo upande wetu wa dunia huwa umeelekea mbele katika mwendo wake wa kulizunguka jua, hivyo hukumbana na vumbi jingi zaidi kuliko jioni.