Siku tano Paro

SWALI: Shikamoo Mama. Aprili nitakuwa Delhi kikazi, kisha nina siku tano za mapumziko. Natamani bonde la Paro, Bhutan, nione mambo ya kale na kupanda mlima. Nianzie wapi?
Msomaji, Arusha

JIBU: Marahaba mwanangu. Usianze na Taktsang. Monasteri hiyo iliyojengwa 1692 imekaa ubavuni mwa jabali kwenye mita 3,120, karibu mita 900 juu ya bonde, nawe utakuwa umetoka Delhi tambarare. Uzoee kwanza. Anzia Kyichu, hekalu dogo la kale ambako wazee huzunguka taratibu wakizungusha magurudumu ya sala. Keti nao, usiwe na haraka. Mimi napapenda pale kuliko pote. Ngome ya Rinpung iko karibu.

Taktsang uiache siku ya nne, uondoke asubuhi sana. Farasi hukufikisha sehemu ya njia tu, zile ngazi za mwisho ni za miguu yako. Simu na kamera huachwa mlangoni. Vaa mikono mirefu.

Tamasha la kidini la Paro, liitwalo Tshechu, huangukia Machi au Aprili, kwa hiyo ulizia tarehe kabla ya kukata tiketi. Siku ya mwisho, kabla jua halijachomoza, hukunjuliwa pazia kubwa mno la picha takatifu. Hiyo usiikose! Na serikali hutoza dola 100 kwa kila usiku, mbali na hoteli.