Saa saba mchana na mtoto anayetaka kumwona simba? Usithubutu!

Hapana, ndugu. Hapana kabisa. Nimesoma swali lako mara mbili nikidhani macho yananidanganya. Jumamosi, binti wa miaka 5 anayemwota simba, mle kwanza nyumbani, halafu mfike bustani ya wanyama saa saba "foleni ikiwa imepungua" na kuzunguka taratibu mpaka wafunge. Kisha ukauliza habari za tiketi, chakula, kigari cha mtoto, mavazi na saa za kulisha wanyama. Hayo yote yatasubiri. Nimekuja hapa kwa ajili ya hiyo saa saba, maana naijua vizuri. Ilimliza mwanangu, na mimi nikalia naye.

Alikuwa na miaka 6 na mnyama wake alikuwa simbamarara. Alikuwa amemchora kwenye kila karatasi nyumbani, hata nyuma ya bahasha za bili. Siku ya safari aliamka kabla yangu, akavaa fulana yake ya milia, akakaa mlangoni na viatu tayari. Ningetoka naye saa ile ile, leo nisingekuwa na la kukuandikia.

Lakini nilikuwa nimeomba ushauri. Kuna mtu kazini kwetu, mmoja wa wale ambao kila jambo wameshalifanya kabla yako. Akaniambia, namnukuu: "Ya nini kukimbizana asubuhi? Nendeni mchana, foleni imekwisha. Wanyama wako pale pale, hawaendi popote." Maneno hayo bado yananiuma. Hawaendi popote! Yaani mnyama ni sanamu, ukifika wakati wowote unamkuta amesimama anakungoja.

Basi tukafika saa saba na robo. Foleni kweli haikuwepo. Tukachukua ramani, tukafuata mishale kama walivyofuata wengine wote: ndege, nyani, kobe, ndege wengine tena. Simbamarara alikuwa mwisho kabisa, upande wa pili wa bustani. Saa moja na nusu ikaishia kwa ndege ambao mwanangu hakuwauliza hata majina, kila tukisimama ananivuta mkono, "Mama, twende kwa simbamarara." Nami namwambia tulia, tutafika, yuko pale pale.

Tukafika. Ua mkubwa mzuri, miti, dimbwi, mawe. Mnyama hayupo. Tukatafuta kwa macho mpaka mwanangu akaonyesha kidole: nyuma ya jiwe, chini ya kichaka, palitokeza ncha ya mkia. Ncha tu. Pete nyeusi, pete ya rangi ya udongo, pete nyeusi, na mwisho mweusi kama kidole kilichochovywa wino. Inzi akitua, ncha inainuka kidogo, inaanguka. Basi. Kioo kilijaa alama za viganja vya watoto waliotutangulia, naye akaweka chake juu ya vile, akasubiri. Dakika tano. Kumi. Baba mmoja akaanza kugonga kioo kwa pete ya kidoleni, ngo ngo ngo. Tafadhali msifanye hivyo jamani, yule mnyama anaishi nyuma ya kelele hizo kila siku ya Mungu. Mkia haukutikisika.

Mwanangu akanigeukia. "Mama, amekufa?"

Nikamwambia amelala, jua kali, tutarudi likipoa. Tukaenda kwa simba: rundo la manyoya chini ya mti, mmoja chali, miguu juu. Kiboko: pua na masikio tu, mwili wote majini. Nikajipa moyo kwamba jioni wataamka. Getini palikuwa pameandikwa kwamba bustani inafungwa saa kumi na mbili, kwa hiyo saa kumi na moja kamili tukawa tumerudi kwenye kile kioo.

Ua mtupu. Hata ncha ya mkia hakuna.

Na hapa ndipo nataka usome polepole, ndugu, maana hili hakuna aliyeniambia. Saa iliyoandikwa getini ni saa ya watu kutoka. Si saa ya wanyama. Bustani nyingi huwaingiza wanyama ndani kabla ya kufunga, hasa wale wakubwa na wa hatari, ili walishwe, wahesabiwe na milango ikaguliwe. Mabanda ya ndani nayo mara nyingi hufungwa mapema kuliko geti kubwa. Na kuingia kwenyewe husimamishwa kabla ya muda wa kufunga. Kwa hiyo ile "jioni likipoa" niliyoitegemea haikuwepo kwenye ratiba ya mtu yeyote isipokuwa yangu.

Mtunzaji alikuwa anapita na ndoo, mama mtu mzima mwenye buti za mpira na bunda la funguo kiunoni. Nikamuuliza. Akamtazama mwanangu na ile fulana, akachuchumaa mbele yake, akamwambia kwa upole: "Ameshaingia kula, baba. Asubuhi tulipofungua alikuwa anaogelea hapo." Akaonyesha lile dimbwi. Hakuwa na kosa lolote yule mama, alisema kweli. Lakini mwanangu alilitazama lile dimbwi, maji yametulia, jani moja linaelea, midomo ikaanza kutetemeka. Alilia kuanzia pale hadi getini, na kuanzia getini hadi nyumbani. Anayeona nimelikuza jambo hili ajaribu siku moja kuendesha gari na mtoto analia nyuma, "Nilikwambia twende kwanza, Mama." Kwa sababu alikuwa ameniambia kweli. Mara tano.

Baadaye nilisoma na kuuliza, ndipo nikaelewa. Simba anaweza kulala na kujinyoosha hata saa 20 katika siku. Wanyama hawa wakubwa jamii ya paka huwa na shughuli alfajiri, jioni na usiku. Mchana wa jua ni usiku wao. Wakitolewa nje asubuhi wanazunguka ua wao kuukagua, wananusa kila kona, wanaweka alama zao. Hiyo ndiyo saa yako. Ikipita, umebaki na mkia.

Na msilaumu bustani kwamba mnyama anajificha. Zamani kizimba kilikuwa chumba cha nondo, mnyama hana pa kwenda, unamwona saa yoyote kwa sababu hana hiari. Mwaka 1907 Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama, alifungua bustani yake Hamburg, Ujerumani, akiweka mahandaki badala ya nondo, na mtindo wa nyua za wazi ukaenea duniani. Leo bustani nzuri humpa mnyama kichaka na jiwe la kujifichia makusudi, apumzike na macho yetu. Mimi naliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote. Ila ndiyo sababu ni sisi tunaopaswa kufuata saa yake.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na nairudia kwa kila anayeniuliza: geti likifunguliwa uwe umesimama mbele yake, na mnyama uliyemfuata awe wa kwanza. Wa kwanza! Usianze na walio karibu na geti kwa sababu tu wako karibu. Ile mishale ya ramani inapeleka umati wote upande mmoja, wewe ukate moja kwa moja hadi kwa simba hata kama ni mwisho wa bustani, kisha urudi ukitazama wengine. Utapishana na umati katikati, wao wanakwenda kuangalia mkia, wewe unatoka kumwona mnyama mzima.

Tulirudi miezi miwili baadaye. Nilikuwa na hofu, maana mwanangu hakutaka tena kuvaa ile fulana. Tulikuwa watu wa nne getini. Tukapita ndege bila kusimama, tukapita nyani, twiga nikamwambia tutamsalimia tukirudi. Tukafika kwenye kile kioo, kimefutwa, hakina kiganja hata kimoja. Naye yuko kule juu ya mawe, amesimama. Akashuka bila haraka, mabega yakipanda na kushuka, akasugua shavu kwenye gogo, akageuka, akainua mkia na kurusha mkojo kwenye mti mpaka harufu ikatufikia upande wetu wa uzio. Mwanangu akacheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia siku nyingi. Kisha mnyama akaingia dimbwini, lile lile. Akaketi hadi kifuani, akatutazama, maji yakimdondoka kidevuni tone moja moja. Kati yetu na yeye ilikuwa labda urefu wa kitanda. Hakuna mwingine pale, ni sisi wawili. Mwanangu hakusema neno. Alinishika kidole kimoja tu, akakibana.

Nilipomsimulia yule mshauri wangu wa kazini, ndipo ikajulikana kwamba yeye huenda na wageni, wanakaa kivulini, wanakula, wanapiga picha, wanarudi. Hajawahi kusimama mbele ya mnyama kwa dakika kumi. Sasa mtu kama huyo anapata wapi ujasiri wa kumshauri mzazi? Ukimpa mtu ushauri, mwambie basi wewe ulikwenda kufanya nini.

Sasa mchana wenyewe ufanye nini, maana ukiingia asubuhi saa sita itakukuta ndani. Hapo nenda kwa wanaopenda joto: mamba na kobe huota jua bila aibu. Nenda kwenye maji ya pengwini na samaki. Na kama kuna banda la wanyama wa usiku, lifanye la saa hiyo. Huwa wanageuza mwanga humo: taa huwashwa usiku watu wakiwa hawapo, mchana hupunguzwa, basi wanyama wanadhani ni usiku na wanakuwa macho wewe ukiwa pale. Ingieni, simameni kimya dakika mbili tatu macho yazoee giza, msiwashe mwanga wa simu. Wengi huingia, husema "hamna kitu humu," hutoka kabla macho hayajafunguka. Twiga na tembo hawana shida sana, hula karibu siku nzima, utawakuta.

Kulisha wanyama uliuliza, na hilo linahusiana na kanuni yangu. Ratiba hubandikwa getini, ipige picha kabla hujatembea hatua kumi. Lakini usitegemee kwamba simba atalishwa siku hiyo mbele yako. Bustani nyingi zina siku ambazo wala nyama hawapewi nyama kabisa, kwa sababu porini hawali kila siku. Uliza kabla hujamwahidi mtoto. Nanyi wenyewe msiwarushie kitu hata wakinyoosha mikono. Mkate wa mtu mmoja ni mdogo, wa watu mia tano ni ugonjwa. Na kama binti ana mafua, msisogee karibu na sokwe, huambukizwa mafua yetu.

Kigari chukua. Miaka 5 ni mkubwa nyumbani, kwenye kilomita ya tatu si mkubwa. Viatu vilivyokwisha kuvaliwa, si vipya.

Na kabla hujalala leo, fungua ramani ya bustani yenu mtandaoni, mtafute simba yuko wapi, hesabu kuna njia ngapi za kumfikia kutoka getini. Mwonyeshe binti kwa kidole. Jumamosi akikuvuta mkono, mfuate. Halafu urudi hapa utuambie alikuwa amesimama au amelala, nitakuwa naungoja huu uzi.